Saratani Ileile, Wilaya Tofauti

Kutoka Manchester hadi London ni safari ya treni ya saa mbili na dakika chache. Wanawake wa miji hiyo miwili wanahudumiwa na mfumo mmoja wa afya, NHS, ambao haumdai mgonjwa pesa za matibabu ya saratani, na madaktari wao wanafuata miongozo ileile. Lakini mwaka 2019 mwanamke aliyeishi Manchester alikuwa na uwezekano wa 1 kati ya 6 wa kufa kwa saratani kabla ya kufikisha miaka 80. Kwa mwenzake wa Westminster, katikati ya London, uwezekano huo ulikuwa 1 kati ya 10.

Takwimu hizo zilichapishwa mwishoni mwa 2023 katika jarida la The Lancet Oncology na watafiti wa Imperial College London, ambao walipitia vifo vya saratani katika wilaya 314 za England kuanzia 2002 hadi 2019. Zimo habari njema ndani yake. Kwa England nzima, uwezekano wa mwanamke kufa kwa saratani kabla ya umri huo ulishuka kutoka 1 kati ya 6 hadi 1 kati ya 8. Ila kasi ya kushuka haikuwa moja kila mahali, na ukiziweka namba hizo pamoja jambo moja linajitokeza: wanawake wa Manchester mwaka 2019 walikuwa pale ambapo nchi yao kwa ujumla ilikuwa mwaka 2002.

Tofauti za namna hii zimeonekana katika nchi nyingi zilizothubutu kuhesabu vifo vyake wilaya kwa wilaya, na uzito wake unapita ule wa wastani wa taifa. Wastani humweleza waziri hali ya nchi. Takwimu ya wilaya humweleza ni vifo vingapi vingeweza kuzuilika, kwa sababu kile ambacho wilaya moja imekiweza kwa dawa zilezile, sheria zilezile na madaktari waliosoma vyuo vilevile, jirani yake naye anakiweza. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: pengo hilo hutoka wapi, hupimwaje, na pale lilipopungua, lilipunguzwa na nini?

Kuugua na kufa ni mambo mawili

Mtu akisikia kwamba saratani inaua wanawake wengi mahali fulani, wazo la kwanza ni kwamba huko kuna kitu kinachowadhuru: maji, udongo, moshi wa kiwanda, dawa za mashambani. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa saratani ya matiti, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi duniani, ramani ya wagonjwa na ramani ya vifo hazifanani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa makadirio ya mwaka 2022 lilionyesha kwamba katika nchi zilizoendelea zaidi mwanamke 1 kati ya 12 hugunduliwa na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 hufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi zilizo chini kabisa kimaendeleo anayegunduliwa ni 1 kati ya 27, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Uwezekano wa mwanamke wa nchi maskini kuambiwa kwamba anaumwa haufiki nusu ya ule wa mwenzake, lakini uwezekano wake wa kufa ni mkubwa zaidi.

Hali hiyo hujirudia ndani ya nchi moja. Kaunti ya Marin, ng'ambo ya daraja kutoka San Francisco, ni miongoni mwa kaunti tajiri za Marekani. Katika miaka ya 1990 ilipata sifa mbaya kwa wingi wa saratani ya matiti, na wakazi wakashuku mazingira yao. Watafiti walipochunguza walikuta sehemu kubwa ya maelezo iko katika maisha ya wanawake wenye elimu na kipato: kupata mtoto wa kwanza umri umekwenda, kuzaa watoto wachache, kupimwa mara kwa mara kwa mamografia (eksirei ya matiti), na kutumia homoni baada ya hedhi kukoma. Mwaka 2002 utafiti mkubwa nchini Marekani ulionyesha kuwa homoni hizo huongeza hatari. Wanawake wengi waliziacha, na idadi ya wagonjwa wapya wa Marin ikashuka upesi.

Chicago ilikuwa kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanawake weusi na wazungu wa jiji hilo walikuwa wakifa kwa saratani ya matiti kwa viwango vilivyokaribiana sana. Baadaye mamografia ikaenea na dawa bora zikaingia. Vifo vya wazungu vikashuka, vya weusi vikabaki karibu palepale, na kufikia 2003 kiwango cha vifo vya wanawake weusi kilikuwa juu ya kile cha wazungu kwa asilimia 68. Miaka ishirini haitoshi kubadilisha maumbile ya wakazi wa jiji. Kilichobadilika ni kwamba tiba ilikuwa imepatikana, ila haikufika mitaa yote kwa ubora uleule. Wachunguzi walikuta kuwa hata wanawake weusi waliokwenda kupimwa, mara nyingi picha zao zilisomwa na madaktari wasiobobea kwenye matiti, na majibu yenye shaka hayakufuatiliwa kwa wakati.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Ugonjwa usio na tiba huua maskini na tajiri kwa viwango vinavyokaribiana. Pengo hupanuka pale tiba inapoanza kufanya kazi na baadhi ya watu wakachelewa kuifikia.

Barani Afrika, ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwenye utafiti wa ABC-DO, uliofuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi za Namibia, Nigeria, Uganda, Zambia na Afrika Kusini, na matokeo yake ya miaka mitatu yakachapishwa 2020. Kwa jumla, nusu tu ya wanawake hao walikuwa bado hai baada ya miaka mitatu. Ndani ya Namibia peke yake, waliokuwa hai kati ya wanawake wazungu ni asilimia 90, na kati ya weusi ni asilimia 56. Uganda na Zambia zilikuwa kati ya asilimia 44 na 47, na Nigeria asilimia 36. Watafiti walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya vifo hivyo vingeepukwa kwa kugundua ugonjwa mapema na kutibu ipasavyo, kwa njia ambazo tayari zinajulikana.

Hatari nayo haiko sawa kila mahali

Hata hivyo, si kila pengo huanzia hospitalini. Uingereza, saratani inayoua wanawake wengi zaidi ni ya mapafu, na chanzo chake kikuu ni sigara. Wanawake wa huko walianza kuvuta kwa wingi baadaye kuliko wanaume, hasa tangu Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo vifo vyao navyo vilichelewa kufika kileleni. Wenye kipato ndio waliotangulia kuiacha sigara. Ikabaki katika miji iliyopoteza viwanda na bandari: Liverpool, Hull, Newcastle, Manchester. Kwa kuwa saratani ya mapafu huchukua miongo kadhaa kujitokeza, mwanamke anayefariki leo kaskazini mwa England mara nyingi analipia mazingira aliyokulia katika miaka ya 1960 na 1970.

Afrika Mashariki wanawake wanaovuta sigara ni wachache, na adui mkubwa ni mwingine: kirusi cha HPV, kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiweka kanda hii mahali pabaya. Kati ya kila wanawake 100,000 wa Afrika Mashariki, takriban 29 walikuwa wakifa kwa saratani hiyo kwa mwaka. Ulaya Magharibi ni takriban 2. Tofauti ya mara kumi na nne kwa ugonjwa ambao chanjo yake ipo, kipimo chake kipo, na mabadiliko yake ya awali hutibika kwa dakika chache.

Ndani ya kanda hiyo tofauti zipo tele, na sehemu yake hufuata ramani ya VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita kuliko asiye na VVU, kwa sababu kinga iliyodhoofika hushindwa kukifukuza kirusi cha HPV. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa kaunti ya Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria, yakiwa asilimia 19.6, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9 na kaunti za kaskazini mashariki zilikuwa chini sana ya hapo. Tanzania nayo ina Njombe, Iringa na Mbeya upande mmoja, ambako maambukizi ni mengi, na upande wa pili mikoa kama Kigoma na visiwa vya Zanzibar ambako maambukizi ni machache. Ni jambo la kutarajiwa kwamba nyanda za juu kusini na ufukwe wa Ziwa Viktoria zingebeba mzigo mzito.

Lakini hapa pana jambo ambalo halitarajiwi. Kliniki za tiba na matunzo ya VVU ndizo zilizokuwa za kwanza kuwapima wanawake wengi mlango wa kizazi kwa utaratibu, kwa sababu mgonjwa anarudi kila baada ya muda kuchukua dawa, jalada lake lipo, na nesi anamfahamu. Mwanamke wa Homa Bay anayetumia dawa za kufubaza VVU anaweza kupimwa kabla ya mwanamke wa Wajir, kaskazini mashariki, ambaye hatari yake ni ndogo lakini hakuna siku yoyote anayoitwa kliniki baada ya kumaliza kuzaa. Hatari kubwa ikikutana na huduma ya karibu, vifo vinaweza kupungua. Hatari ndogo isiyo na huduma huua polepole, bila kuhesabiwa.

Ipo pia saratani ya umio, inayoanzia koo la chakula. Mkanda wake unapita kutoka Ethiopia, ukishuka kwenye Bonde la Ufa la Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini. Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, imekuwa ikipokea wagonjwa wake kwa wingi usio wa kawaida kwa miongo mingi, wanawake kwa wanaume, baadhi yao vijana wasiofika miaka 40. Sababu hazijaisha kuchunguzwa, lakini mojawapo inayotiliwa mkazo ni chai ya maziwa inayonywewa ikiwa bado ya moto sana. Wakala wa WHO wa utafiti wa saratani ulitangaza 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, na vipimo vilivyofanywa Kilimanjaro vilikuta watu wakianza kunywa chai yao kwenye joto linalozidi hapo.

Wiki sita mbali na nyumbani

Mwanamke akishagunduliwa, kinachofuata kinategemea umbali. Saratani ya mlango wa kizazi iliyovuka hatua za mwanzo hutibiwa kwa mionzi, na mionzi haitolewi siku moja ikaisha. Mgonjwa hulala mezani dakika chache kila siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano au sita, kisha huongezewa mionzi ya ndani. Kwa mkazi wa Upanga, jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road ni daladala moja. Kwa mkazi wa Kigoma, reli ya kati ina zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam.

Nauli ndiyo gharama ndogo. Wiki sita ni chumba cha kupanga au ukarimu wa ndugu ambaye naye ana watoto shuleni. Ni shamba lisilopaliliwa, genge lililofungwa, mtoto mdogo aliyeachiwa bibi yake. Wapo wanaoanza mionzi na kurudi nyumbani katikati, na mionzi iliyokatizwa hupunguza nafasi ya kupona. Kuanzishwa kwa tiba ya mionzi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kulibadilisha maisha ya wagonjwa wa Kanda ya Ziwa kwa sababu hiyo hasa: mashine ilisogea walipo.

Kenya ilipitia njia hiyohiyo. Kwa miongo mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo iliyokuwa tegemeo la umma kwa tiba ya mionzi, na foleni zake zilihesabiwa kwa miezi. Vituo vya kanda vya Mombasa, Nakuru na Garissa vilipoanzishwa, mgonjwa wa kaskazini mashariki aliyekuwa hana budi kusafiri usiku kucha hadi Nairobi alipata njia nyingine.

Uganda ilitoa somo chungu zaidi. Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati hapo, mwenye uwezo alikwenda Nairobi au India, na wachache walisaidiwa kusafiri. Waliobaki walibaki. Katika kipindi hicho haikuwa tena suala la wilaya na wilaya. Nchi nzima iligeuka kuwa wilaya ya mbali.

Lakini mashine haina msaada kwa mgonjwa anayefika maji yakiwa yamezidi unga. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti Tanzania, iliyotolewa 2017, ilieleza kwamba karibu asilimia 80 ya wanawake hugunduliwa wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Ucheleweshaji huo huwa na sehemu mbili. Moja ni ya nyumbani: uvimbe usiouma haumshtui mtu, mume au mkwe hajaruhusu safari, na hofu ya kukatwa titi humpeleka mgonjwa kwa mganga wa kienyeji kwanza. Nyingine ni ya mfumo wenyewe, nayo husemwa kidogo. Mwanamke hufika zahanati, akapewa antibayotiki, akarudi, akapewa nyingine. Sampuli ya nyama hukatwa hospitali ya mkoa, ikasafirishwa hadi kwenye maabara yenye mtaalamu wa patholojia, na majibu yakachukua wiki kadhaa. Wilaya mbili zinaweza kuwa na wanawake wenye elimu na hofu sawa kabisa, ila moja ina tabibu anayejua kwamba uvimbe wa titi haupewi antibayotiki mara ya pili.

Namba zinavyoweza kudanganya

Anayetaka kulinganisha wilaya inampasa kuwa mwangalifu, kwa maana takwimu za maeneo madogo zina mitego.

Mtego wa kwanza ni umri. Saratani huongezeka kadiri watu wanavyozeeka, kwa hiyo mji wa wastaafu utaonekana hatari kuliko mji wa vijana hata kama huduma zake ni bora. Wataalamu huondoa kasoro hiyo kwa kukokotoa upya viwango kana kwamba maeneo yote yana mgawanyo mmoja wa umri. Takwimu isiyosawazishwa hivyo haifai kulinganishia.

Wa pili ni uchache wa watu. Katika wilaya yenye wanawake 5,000, kifo kimoja kwa mwaka ni kiwango cha 20 kwa kila 100,000. Vifo vitatu ni 60. Mwaka mmoja wilaya itaongoza taifa kwa ubaya, mwaka unaofuata kwa uzuri, na hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana watafiti hukusanya miaka mingi pamoja na kuazima taarifa za maeneo jirani kabla ya kutoa kauli.

Wa tatu ni nani anahesabiwa kuwa mkazi. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa vifo vya saratani, vya wanawake na wanaume pamoja, katika kaunti za Marekani kuanzia 1980 hadi 2014. Kiwango cha chini kabisa cha 2014 kilikuwa kaunti ya Summit, jimbo la Colorado, vifo 70.7 kwa kila watu 100,000. Cha juu kabisa kilikuwa 503.1, kaunti ya Union, Florida. Msomaji asiyejua angedhani Union ina sumu. Kumbe kaunti hiyo ndogo ina gereza lenye hospitali ambayo hupokea wafungwa wagonjwa kutoka sehemu nyingine za jimbo.

Wa nne unawahusu wanawake moja kwa moja. Kiwango cha vifo vya saratani ya mlango wa kizazi hukokotolewa kwa kugawanya vifo kwa idadi ya wanawake wote, wakiwemo waliokwisha kutolewa kizazi ambao hawawezi tena kuipata. Watafiti wa Marekani waliporekebisha hesabu hiyo mwaka 2017, kiwango cha wanawake weusi kilipanda kutoka 5.7 hadi 10.1 kwa kila 100,000, na cha wazungu kutoka 3.2 hadi 4.7. Pengo halisi lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa likitangazwa kwa miaka yote.

Afrika Mashariki ina mtego wa tano unaozidi hiyo yote: vifo vingi havisajiliwi na chanzo chake hakiandikwi. Rejesta ya saratani ya Kampala ilianza miaka ya 1950 na ni miongoni mwa kongwe zaidi Afrika, lakini eneo lake ni Kampala na viunga vyake. Rejesta za Nairobi, Eldoret, Kilimanjaro na Mwanza zimefuata baadaye sana, kila moja ikiwa na mipaka yake. Mgonjwa aliyetoka kijijini huandikisha anwani ya ndugu aliyefikia kwake mjini. Wilaya isiyo na daktari wala maabara huonekana safi kwenye karatasi, kwa kuwa aliyefia nyumbani akitokwa damu miezi minane hakuwahi kupata jina la ugonjwa wake. Vituo vya utafiti kama vile vya Kilifi na Siaya hutumia mahojiano na wafiwa ili kukadiria chanzo cha kifo, nazo ni juhudi za thamani, ila ni visiwa vichache katika bahari kubwa. Yeyote anayesema kwamba mkoa fulani wa pembezoni hauna saratani anapaswa kuulizwa kwanza nani aliyehesabu.

Pengo linapopungua

Kuna mahali ambapo kazi imefanyika, na inafaa kutazama kwa karibu ni kazi gani.

Manchester yenyewe ni mmoja wa mifano. Mwaka 2016 mashine ya CT iliwekwa ndani ya lori, ikaegeshwa kwenye maegesho ya magari ya maduka makubwa katika mitaa maskini ya jiji. Wavutaji wa sigara na walioacha, wenye umri wa kati ya miaka 55 na 74, waliitwa kwa barua kupima afya ya mapafu, na aliyeonekana kuwa na hatari kubwa alipigwa picha papo hapo, mkoba wa sokoni mkononi. Kati ya waliopigwa picha, karibu asilimia 3 walikutwa na saratani, na wanne kati ya watano walikuwa katika hatua mbili za mwanzo, ambazo hutibika. Mtu ambaye asingepanda mabasi mawili kwenda hospitali kubwa alipimwa njiani akirudi nyumbani. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza iliamua kuupeleka mpango wa aina hiyo England nzima.

Huku nyumbani, kifaa cha kufanana na lori hilo kinakaa kwenye kikombe. Ni siki. Katika vituo vya afya vya Kenya na Tanzania, nesi aliyefunzwa humlaza mama kitandani, akamwambia, "Mama, tulia, hii ni siki tu, utasikia ubaridi," kisha akapaka mlango wa kizazi kwa pamba iliyochovywa kwenye siki ya asilimia 3 hadi 5. Husubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikiwa mabadiliko ni madogo, hutibiwa palepale kwa tiba mgando, yaani kugandishwa kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto kinachoshikika mkononi. Tofauti ya kituo na kituo mara nyingi hukaa hapo: tiba mgando inahitaji mtungi wa gesi, na gesi ikiisha mama huambiwa arudi siku nyingine. Wengi hawarudi. Kifaa cha joto kinachotumia betri kimepunguza tatizo hilo, na vipimo vya HPV ambavyo mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe vinapunguza lingine, la aibu ya kuvua nguo mbele ya mtu anayemfahamu kijijini. Kazi iliyobaki ni kubwa: uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, STEPS, wa 2015 nchini Kenya ulikuta asilimia 16.4 tu ya wanawake wa miaka 30 hadi 49 wamewahi kupimwa saratani hiyo.

Chanjo ndiyo iliyoziba pengo kwa upana zaidi, kwa sababu hupita shuleni, na shule huwakutanisha watoto wa matajiri na wa maskini. Nchini Scotland, takwimu zilizotolewa mwanzoni mwa 2024 hazikuonyesha hata msichana mmoja aliyechanjwa akiwa na miaka 12 au 13 ambaye alipata saratani ya mlango wa kizazi. England, uchambuzi wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba ugonjwa ulipungua katika maeneo ya vipato vyote, na idadi kubwa zaidi ya saratani zilizozuiwa ilikuwa katika maeneo maskini kabisa.

Rwanda ilianza 2011, nchi ya kwanza ya Afrika kuifanya chanjo ya HPV kuwa ya taifa zima, na mwaka huo iliwafikia kwa dozi zote tatu asilimia 93 ya wasichana waliolengwa. Katika wilaya ya Burera, yenye milima na mbali na Kigali, kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa 2012, na baadaye wauguzi wa vituo vidogo wakafunzwa kupima matiti kwa mikono na kutoa rufaa mapema. Tanzania iliingiza chanjo kitaifa 2018, Kenya 2019.

Mchango wa kanda hii kwa dunia hautajwi vya kutosha. Utafiti wa DoRIS, uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, na ule wa KEN SHE, uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, ndizo baadhi ya nguzo zilizoifanya WHO ikubali 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha. KEN SHE, ambayo miongoni mwa viongozi wake ni Dkt. Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilikuta dozi moja ikizuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja. Kwa wilaya yenye barabara mbovu, kwenda shule mara moja badala ya mbili kuna maana kuliko hotuba yoyote. Kilichobaki ni uvumi wa utasa, ambao wazazi huusikia kabla ya kumsikia nesi, na wasichana walioacha shule, ambao hakuna orodha ya darasa inayowataja.

WHO iliweka malengo ya mwaka 2030 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa namba tatu: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Nchi inaweza kuzifikia kwa wastani huku mikoa mitano ikiwa haijafika hata nusu. Kwa hiyo malengo hayo yanapaswa kusomwa wilaya kwa wilaya, na nafasi ya kufanya hivyo ipo. Kenya imezikabidhi kaunti zake 47 sehemu kubwa ya huduma za afya tangu 2013. Nchini Tanzania, kila halmashauri huandaa mpango wake wa afya wa mwaka, na madiwani huupitia.

Katika vikao hivyo mwakilishi wa wananchi hahitaji kuwa daktari ili aulize yanayohitajika. Mwaka uliopita wanawake wangapi wa miaka 30 hadi 49 walipimwa hapa? Waliokutwa na mabadiliko ni wangapi, na wangapi walitibiwa siku hiyohiyo? Mtungi wa gesi ulikaa mtupu siku ngapi? Waliopewa rufaa ya mionzi ni wangapi, na wangapi waliimaliza? Majibu ya maswali hayo yamo kwenye vitabu vya vituo vya afya, yakisubiri kujumlishwa. Yakibandikwa ukutani karibu na ya halmashauri jirani, mwenye bajeti atalazimika kueleza kwa nini mwanamke wa upande wake wa mpaka afe kwa ugonjwa ambao wa upande wa pili amepona.